Paka Hafugwi

Bwana Mifugo hakupenda paka, na alitaka jambo hilo lieleweke mapema. Siku ya kwanza nilipofika kwake Mwika, juu mlimani, nikiwa na tenga la kuku mkononi, nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, anachambua maharage. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kuku ana nini. Nikamwambia si kuku. Akainama, akachungulia kati ya fito za tenga, macho mawili ya kijani yakamtazama, naye akajivuta nyuma.

"Umetoka wapi?"

"Kiboriloni, Moshi mjini."

"Umetoka Kiboriloni na paka," akasema, kama anayehakikisha kwamba masikio yake bado ni mazima. "Mama, mimi ni bwana mifugo. Mifugo ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Kuku, kidogo. Paka hafugwi. Paka anakaa tu kwako mpaka apate pengine. Huyu mpeleke hospitali ya Mawenzi, wakampe kitanda."

Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na aibu. Nilifungua tenga ili paka anywe maji tu kabla sijageuza. Akatoka, akavuka ua akichechemea, akaketi na kuanza kulamba mguu wa mbele. Mzee aliendelea kuchambua maharage, lakini macho yalikuwa yamehama. Mwisho akaweka ungo chini.

"Ni mguu wa kulia," akasema, kama mtu aliyetukanwa. "Mlete hapa."

Paka wangu aliitwa Tambi, kwa sababu nilimwokota akiwa mwembamba hivyo. Alizaliwa na vidole sita kila mguu wa mbele. Kile cha sita kilikaa pembeni, juu kidogo, hakigusi chini. Kucha nyingine za paka huchakaa kwa kutembea na kukwaruza miti. Ule ukucha haukuwa na kazi, basi ulikua tu, ukajipinda mpaka ukarudi kuingia kwenye nyama ya unyayo. Mimi niliona uvimbe na usaha, nikapaka mafuta ya taa, kwa kuwa ndivyo nilivyoshauriwa sokoni. Bwana Mifugo aliunusa ule mguu, kisha akaniangalia.

"Paka hujilamba," akasema. "Kwa hiyo umemnywesha mafuta ya taa."

Siku hiyo aliukata, akauchomoa taratibu, akaloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akaukausha katikati ya kila kidole kwa kona ya taulo. Nikamshukuru kwa kumponya. Akakasirika tena. "Sijamponya. Utaota, utajipinda, utaingia. Hili si la kupona, ni la kutunza. Baada ya wiki mbili tatu mlete." Nilishuka Moshi nikiwa na furaha ambayo ilinichukua muda kuielewa.

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia. Alikuwa amestaafu kitambo, ila mlima mzima ulimwita Bwana Mifugo, mchungaji wa kanisa lake akiwemo. Yeye naye hakuwaita watu kwa majina. Wewe ulikuwa mnyama wako. Kulikuwa na Baba Fahali, na Mama Mbuzi Watatu, ambaye alibaki na jina hilo hata baada ya mbuzi wawili kuuzwa. Mimi nikawa Mama Paka. Mara ya kwanza liliniuma. Niliachika nikiwa bado kijana na sikuzaa, na huku kwetu mwanamke asiye mama wa mtu huitwa dada mpaka mvi zimtoke, halafu shangazi. Hakuna aliyewahi kuniita Mama kitu chochote. Baada ya safari kadhaa nikajikuta nageuka haraka kila nikilisikia.

Ngoja niseme wazi, maana bila hili mengine hayatakuwa na maana. Nilikuwa mpweke, na yeye alikuwa mpweke. Mimi ni fundi cherehani, nina mashine yangu kwenye kibaraza sokoni, nazungukwa na watu kutwa, na nikifunga mashine sina pa kwenda isipokuwa chumbani. Yeye alikuwa mgane, na watoto wake wako mbali. Lakini mwanamke Mwislamu wa mjini hawezi kupanda mlimani kila mara kumtembelea mzee wa Kilutheri asiye ndugu yake bila watu kuuliza kulikoni. Mwenye paka mgonjwa anaweza. Kucha zile zingepona, mimi na Bwana Mifugo tusingekuwa na la kutukutanisha.

Alikuwa na mikono mikubwa, ya mtu aliyezalisha ndama wengi kwa nguvu. Siku ile ya kwanza aliingia ndani akatoka na mkasi wa kukatia kwato za mbuzi, nami nikaukataa mpaka akaurudisha. Ndipo akatafuta kikata kucha cha kawaida, kile cha binadamu, kilichokuwa cha marehemu mkewe. Alimviringisha Tambi kwenye kitenge kikuukuu, mguu mmoja tu ukabaki nje, akabonyeza kidole kwa dole gumba mpaka ukucha ukatokeza. Kisha akauelekeza kwenye mwanga. "Unaona hapo pekundu? Hapo kuna damu na uchungu. Hapo hapaguswi. Unakata hii nyeupe ya mbele tu, na unaacha." Muda wote huo alimwambia, "Simama, mama, simama hivyo hivyo," na paka alikuwa amelala chali. Hakuwa na maneno ya paka. Alikuwa na maneno ya ng'ombe, akayatumia hayo. Kichagga kidogo ninachokijua, nilikiokota pale akimbembeleza Tambi.

Kwa kila tatizo la mguu alikuwa na jibu moja: kausha. Ukiosha, kausha. Ukipaka dawa, hakikisha ulikausha kwanza. Akikuta unyevu katikati ya vidole aliniangalia kama nimemwibia. Mwika mwezi wa saba ukungu hushuka mpaka mlangoni na nguo hukaa kambani bila kukauka, naye alikuwa akimkausha Tambi kando ya moto wa jikoni, kidole kimoja baada ya kingine, akinilalamikia kuhusu baridi kana kwamba nimeileta mimi kutoka mjini.

Nilimshonea Tambi soksi za flana ili asijilambe dawa. Bwana Mifugo alizishika, akazigeuza, akaangalia ule mshono mdogo, akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Tambi alizivua kabla hatujamaliza chai.

Watoto wake walikuwa wamejenga nyumba kubwa ya vigae mbele ya ile ya zamani. Vyumba vyote vilifungwa, na mzee aliishi nyuma, kwenye vyumba viwili karibu na jiko. Ile kubwa aliiita Nyumba ya Desemba. Mwisho wa mwaka magari yalijaa kihambani, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, mbuzi akachinjwa, wajukuu wakakimbia kwenye migomba wakiongea Kiswahili cha Dar, na sisi wengine tukakaa mbali. Ukiingia Januari geti linafungwa na sauti zinashuka na barabara. Lakini kila siku ya mwaka alifagia kibaraza cha ile nyumba. Nilimwuliza siku moja mbona halali kule, kwenye vitanda vizuri.

"Nikilala kule nitavisikia vile vyumba," akasema.

Kanisani pia alikuwa ameacha kwenda, yeye aliyekuwa mwanakwaya, na hakula bila kuomba. Nilidhani amegombana na mchungaji. Akaniambia kwamba tangu mkewe afariki, benchi limekuwa refu. Halafu akanipa bakuli la mtori wa ndizi.

Kuhusu paka, sitamruhusu anidanganye hata sasa. Alisema hawapendi. Lakini kulikuwa na kisahani cha bati kando ya jiko, alichodai ni cha kuku, na hakuwa na kuku. Aliniambia nisimpe Tambi maziwa, yatamharisha. Mimi nikienda kuchota maji bombani, nikirudi nilimkuta Tambi akijifuta masharubu, na mzee akiangalia juu mlimani kwa makini.

Hakuwahi kunifundisha kukata. Kazi yenyewe si ngumu, ukiangalia mara chache umeijua, na mimi riziki yangu ni mkasi. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa najua kabisa. Sikusema. Naye akifika pale pa kukata aligeuza bega kidogo ili nisione, nami nikatazama migomba ili nisijifunze. Tulikuwa watu wazima wawili tunafichana jambo tunalolijua wote, na paka katikati amefungwa kitenge.

Siku moja ya ukungu alikata vibaya. Macho yalikuwa yameanza kumpotea wakati huo, ila hakuwa amemwambia mtu. Alikata pale pekundu. Tambi akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, akamkwaruza mkono wote, damu ikawa kwenye kitenge na sikujua ni ya nani. Nilimnyakua paka nikasema, "Basi ungesema huoni, mzee." Nikashuka bila kuaga. Majuma yakapita. Ukucha ukaota tena, nikaukata mwenyewe nyumbani, ukakatika vizuri tu, na jioni yake nikalia.

Siku ya gulio nikiwa kwenye mashine, nikamwona anakuja katikati ya watu wa Kiboriloni. Amevaa koti na kofia, viatu vimepigwa rangi. Kwa miaka mingi alikuwa hashuki mjini. Alisimama mbele yangu, akatoa jani refu la kijani, bichi, lililofungwa fundo, akalishika kwa mikono miwili na kunipa. Hakusema kitu. Nikalipokea, nikalinusa. Mimi ni mtoto wa Moshi, babu yangu alikuja na reli kutoka Tanga, na masale, mimea yenye majani kama lile, nimeyaona kwenye mipaka ya vihamba tangu nizaliwe. Lakini kwetu hakuna aliyewahi kuletewa jani lake.

"Hili ni la kuchemsha au la kuponda?" nikamwuliza.

Aliliangalia jani, akaniangalia mimi. Midomo ikacheza kidogo.

"Chemsha," akasema.

Nikamwekea kigoda, akanywa chai, akaulizia mguu, akaondoka. Nami nikachemsha. Mama wa meza ya jirani, muuza ndizi, mtu wa Marangu, alinikuta jioni namwosha Tambi miguu kwa maji yale. Akauliza ni dawa gani. Nikamwonyesha jani limelegea kwenye sufuria, fundo likiwa bado palepale. Alikaa chini kwenye mkungu wa ndizi akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Umechemsha sale la mzee," akasema. "Dada yangu. Mtu mzima akikuletea sale lenye fundo, amekuja kukuomba msamaha. Hata kama amekuulia mtu, huwezi kumkatalia."

"Mbona hakusema?"

"Akisema, la nini tena kulileta?"

Sikulala vizuri. Niliwaza watu waliomjaa mzee yule maishani, mke, watoto, ng'ombe wa kata nzima, na kwamba sasa hakubakiwa na mtu mwingine wa kumkosea isipokuwa mimi. Jumamosi iliyofuata nilipanda na tenga langu. Nikamwambia yale maji yamefanya kazi.

"Nilijua," akasema, akachukua kitenge.

Tangu siku hiyo nikawa naenda kila Jumamosi, kucha zikiwa zimeota au hazijaota. Hakuuliza. Kama hapakuwa na cha kukata, alikagua, akasema tumewahi.

Mwanawe mkubwa alikuja Pasaka moja, kijana mstaarabu, si mtu mbaya. Alikuwa anataka kumchukua baba yake Dar, akafanyiwe mtoto wa jicho, akae huko huko. Mzee alikataa vyote viwili, maana aliamini akienda kwa kimoja hatarudi. "Kule ghorofani nitafanya nini?" alimwuliza mbele yangu. "Nipewe chakula saa fulani, nifungiwe mlango saa fulani? Mimi sifugwi. Na nina mgonjwa hapa kila Jumamosi."

Yule kijana akanivuta pembeni, kwenye kibaraza cha Nyumba ya Desemba.

"Mama, samahani. Huyo mgonjwa ni paka?"

"Ni paka."

"Na ni kweli kila wiki?"

"Bila baba yako, paka yule hatembei," nikamwambia.

Kisha akasema kama kuna mtu anayemwona baba yao kila wiki, wao wataweza kulala usingizi, watamwacha. Siku hizo zikikoma, watakuja kumchukua, atake asitake. Alinipa namba yake ya simu. Nilimwangalia mzee kule jikoni akimkausha Tambi kidole kwa kidole, nikafahamu kwamba makao yake yote yameegemea kwenye ule ukucha.

Tambi alikufa masika yaliyofuata. Uzee tu. Nilimkuta asubuhi kwenye kikapu changu cha vipande vya vitambaa, amejikunja, miguu yote minne ikiwa mizima kabisa. Nilimzika nyuma ya nyumba. Jumamosi ikaja nikakaa. Nyingine ikaja nikakaa tena. Kwenda mikono mitupu kwa mzee nisingeweza, na kumdanganya kwamba Tambi amebaki nyumbani nisingeweza pia, yeye angetaka kujua nani anamkausha. Mwanawe akanipigia simu, akaniuliza kama bado napanda. Nikamwambia mvua zimeharibu njia. Akasema sawa, lakini wameanza kuzungumza kuhusu tarehe.

Muuza ndizi alikuwa na paka wengi wa kuzuia panya. Nikamwomba mmoja. Alinipa dume dogo lenye madoa, lenye vidole vitano mbele kama paka wengine wote, kucha safi, linaloruka kutoka meza hadi meza. Nikaliweka kwenye tenga, nikapanda.

Mzee alikuwa kwenye kigoda chake. Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu, anaona mwanga na vivuli tu, lakini alijua ni mimi kabla sijafungua geti.

"Umechelewa, Mama Paka. Zitakuwa zimeshaingia ndani."

Nilikaa chini mbele yake.

"Baba," nikasema, "Tambi amekufa."

Aliweka mikono juu ya magoti. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji nyuma ya migomba.

"Miguu ilikuwaje?" akauliza.

"Mizima. Yote."

"Haya," akasema. "Haya basi." Akageuza uso kuelekea ile nyumba kubwa, ambayo asingeweza kuiona, na kuna kitu mabegani mwake kikashuka. Nilitamani kumshika mkono, ila si desturi yetu.

Ndani ya tenga paka akalia. Mzee akainua kichwa.

"Nani huyo?"

"Nimekuja na mwingine. Nimeona kama hatembei vizuri."

Alinyoosha mikono. Nikamweka paka mapajani mwake. Hakuomba kitenge. Alianza na mguu wa mbele wa kulia, akahesabu vidole kwa ncha ya dole gumba, akasimama kidogo alipofika cha mwisho, pale ambapo Tambi alikuwa na kimoja zaidi. Akabonyeza kila ukucha ukatokeza, akaugusa ncha, akauachia. Akapima katikati ya vidole, kukavu. Akanusa. Akaenda mguu wa pili, wa tatu, wa nne, akarudi wa kwanza akaanza upya, polepole zaidi, na paka yule mpumbavu akaanza kukoroma kwa raha.

Nilisubiri aniambie nimempotezea muda.

"Huyu ana tatizo," akasema, kwa sauti yake ya kazini.

"Tatizo gani?"

"Bado sijalijua." Akamfunika paka kwa koti lake, mikono yote miwili juu. "Mlete Jumamosi."